Kofia ya chuma yenye stika mbili: ya vitani kweli, au imechakachuliwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeanza kukusanya vitu vya kijeshi mwaka jana, na sasa kuna mtu anataka kuniuzia kofia ya chuma ya Kijerumani ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukingo wake umekatwa tu, haukukunjwa. Upande mmoja ina stika ya tai, upande wa pili ngao ya rangi tatu: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Imepakwa kijani laini kinachong'aa kidogo. Ndani imegongwa ET64, na pete ya bati inayoshika ngozi imeandikwa 66 na 59. Mwenyewe anasema babu yake aliiokota Normandy, Ufaransa, mwaka 1944 na haijaguswa tangu siku hiyo. Nitajuaje kama ni halisi? Naomba unifundishe namna ya kuangalia, si kunijibu kuhusu hii moja tu.

JIBU: Marahaba. Wengi hunitumia picha moja ya tai, imepigwa karibu mpaka tai mwenyewe haonekani vizuri, na swali la maneno mawili: "Ni orijino?" Wewe umetaja ukingo, namba, rangi na pete, kwa hiyo hapana haja ya kuzunguka. Ganda la chuma huenda ni halisi kabisa. Stika mbili hizo hazikubandikwa kiwandani. Na hadithi ya babu haiwezi kuwa kweli kwa namna inavyosimuliwa.

Nimefikaje hapo bila kuishika? Kwa kuanza na kitu kigumu kughushi na kumalizia na kile ambacho mtu yeyote anaweza kukibandika mezani kwake jioni moja. Kinachomgharimu tapeli zaidi ni ganda lenyewe. Kulitengeneza kunahitaji mashinikizo makubwa na tanuri la kukaza chuma, na kwa nini ajisumbue wakati maganda halisi yaliyobaki baada ya vita ni mengi mno? Hulichukua ganda la kweli lisilo na thamani kubwa, akaongeza kile kinacholipandisha bei: stika, rangi ya kificho, jina la askari, tundu la risasi. Ndiyo maana swali la "halisi au feki" halitoshi. Kofia ni vitu vinne au vitano vilivyounganishwa, na kila kimoja kina umri wake. Kazi yako ni kuona kama vyote vingeweza kukutana siku moja mahali pamoja.

Tuanze na ukingo, maana hapo ndipo kofia yako ilipojisema yenyewe. Jeshi la Ujerumani lilipitia mitindo mitatu mikuu kuanzia miaka ya 1930. M35, ya mwaka 1935, ina ukingo uliokunjwa kwa ndani, na matundu yake ya hewa ni vipande vidogo vilivyotengenezwa peke yake kisha vikapachikwa. Ukipitisha kucha utahisi mshono. M40 ina ukingo ule ule uliokunjwa, ila tundu la hewa limechomozwa kutoka kwenye ganda lenyewe, hakuna kipande kilichopachikwa. Mwaka 1942 ikaja M42: wakaacha kabisa kukunja ukingo ili kuokoa muda na gharama, chuma kikaachwa kimekatwa na kupinda nje kidogo. Wewe unayo M42, na ganda la M42 halikuwapo kabla ya mwaka 1942.

Sasa itazame ile ngao ya rangi tatu. Kofia za jeshi la nchi kavu zilibeba tai upande wa kushoto wa mvaaji na ngao hiyo upande wa kulia, lakini ngao ilifutwa kwa amri mwaka 1940. Nyingi zilizokuwa nayo zilikwanguliwa au kupakwa rangi juu. Tai naye akaagizwa asibandikwe tena mwaka 1943. Kwa hiyo ngao yako imekaa juu ya kofia iliyozaliwa miaka miwili baada ya ngao hiyo kufutwa. Hapo hakuna haja ya lenzi wala maabara. Nikutahadharishe kitu kimoja usije ukaifanya kanuni hii rungu la kupigia kila mtu: polisi walikuwa na stika zao, tai ndani ya shada na ngao nyekundu ya chama cha Nazi, na M42 za polisi zenye stika mbili zipo kihalali. Ila tai wa jeshi pamoja na rangi tatu juu ya M42? Hapana.

Namba nazo zinakataa kupatana. ET ni kiwanda cha Thale, ambacho baadaye vitani kilibadilishiwa chapa kikawa ckl. Ile 64 ni saizi ya ganda, na pete ya bitana ya ndani ilitengenezwa kulingana na ganda. Ganda la 64 lilichukua bitana ya kichwa cha 56 au 57. Ganda la 66 ndilo la 58 na 59. La 62 ni la 54 na 55. La 68 ni la 60 na 61. Pete ya 66 yenye 59 haikuumbwa kukaa ndani ya ganda la 64. Ikiwa imekaa, mtu ameilazimisha, ameibana au ameikata, na huko si "kutoguswa tangu 1944". Geuza kofia uangalie ribiti tatu zinazoishika bitana: mbili pembeni na moja nyuma. Miguu ya ribiti kwa ndani hupindwa mara moja tu kiwandani. Ikinyooshwa na kupindwa tena huacha mikunjo miwili, wakati mwingine na ufa mwembamba, na rangi ya pale hudondoka.

Rangi ndiyo inayonishawishi kuhusu maisha ya kofia hii baada ya vita. M42 ilitoka kiwandani na rangi ya kijivu iliyofifia na yenye chembechembe, kusudi isiakisi jua. Kijani laini kinachong'aa hakikuwa cha kiwanda kwa mtindo huo. Hapa ungependa kujua kama iliyopakwa ni kofia nzima, na ribiti zitakuambia. Kiwandani ganda lilipakwa rangi kwanza, kisha bitana ikafungwa kwa ribiti zilizokuwa na rangi yake tayari. Kwa hiyo kichwa cha ribiti na ganda havishiriki tabaka moja la rangi. Ukimulika kwa pembeni utaona kijipengo cheusi kukizunguka kichwa. Rangi ikiwa imeteleza kutoka kwenye ganda hadi juu ya ribiti kama uji ulioganda, basi kofia ilipakwa ikiwa imeshaunganishwa. Hilo peke yake si kosa, kwani askari walizipaka wenyewe vitani, rangi za mchanga na za kificho. Lakini ukilijumlisha na mengine linakuwa shahidi.

Baada ya vita Norwei ilibaki na shehena kubwa ya kofia za Kijerumani, ikazipaka upya na kuzivalisha jeshi lake kwa miaka mingi. Ufini nayo iliendelea kuzitumia zake. Zile kofia ni vyuma halisi vya wakati wa vita, na zinapokombolewa kutoka maghalani huwa ndilo shamba la wachakachuaji: ganda la kweli, namba za kweli, halafu tai wa jana. Ningebashiri kofia yako imepitia njia kama hiyo.

Najua kwa sababu ilinikuta. Mwaka wangu wa pili wa kukusanya niliingizwa mjini mchana kweupe. Mzee mmoja mpole, sauti ya chini, kofia imefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga. Ubavuni ilikuwa na alama mbili za radi za SS, kikosi cha chama cha Nazi. Nilipandwa na homa, nikalipa bila kuigeuza mara mbili. Miezi mingi baadaye mkusanyaji mwenzangu aliiweka chini ya taa, akainama na lenzi yake, kisha akanyamaza. Mnyamazo ule ndio uliniumiza kuliko maneno. Akanionyesha mkwaruzo mrefu uliopita ubavuni. Kwenye kofia ya kweli mkwaruzo hukata stika, ukakata rangi, ukafika kwenye chuma, kwa mstari mmoja. Kwenye yangu stika ilizama ndani ya mkwaruzo kama kitambaa kilichotandikwa juu ya mfereji. Chuma kilikwaruzwa kwanza, radi zikaja baadaye, na chini ya radi kulikuwa na kijani kile kile unachoniambia wewe. Sijaiuza. Naitumia kufundishia.

Fanya jaribio hilo kwenye tai wako: taa moja, imulike kutoka pembeni kabisa, na lenzi inayokuza mara 10. Fuata kila mkwaruzo unaoingia kwenye stika. Kisha angalia kingo zake. Stika ya zamani iliyoishi juu ya kofia huwa imekauka pamoja na rangi na kupasuka nyufa nyembamba, uchafu umeingia kwenye nyufa hizo kwa namna isiyo na mpangilio. Ya kutengenezwa huzeeshwa kwa msasa au pamba ya chuma, na utaona mistari mingi ikielekea upande mmoja. Uchakavu wa kweli una sababu: utosini, kwa kuwa kofia huwekwa chini kichwa chini miguu juu, kwenye ukingo, kwenye vichwa vya ribiti. Mahali ambapo mkono wala ardhi havifiki hapana sababu ya kuchakaa. Nyuma ya bitana ndiko napenda kuchungulia zaidi. Ngozi ya M31, jina la bitana hiyo, ina vidole vinane. Viinue taratibu kimoja kimoja, ikiwa bado vinainuka bila kukatika, uone rangi iliyojificha. Ikiwa nje kijani na nyuma ya pete kuna kijivu chenye chembechembe, umeikuta rangi ya kiwanda ikiwa imelala.

Kabla sijaacha Wajerumani: ziko kofia ambazo hazikuwa zao ila zinauzwa kama zao. 38M ya Hungaria inafanana mno na M35, lakini nyuma kwa nje ina kishikio cha chuma kilichofungwa kwa ribiti. Ya Hispania ya mtindo wa 1942 inafanana pia, nayo ilikuwa na kishikio cha beji mbele. Kishikio kikiondolewa matundu huzibwa na kupakwa rangi, basi pitisha kidole kwa ndani mahali hapo. Kidole ni kifaa kizuri kuliko watu wanavyodhani.

Sasa la jumla, uliloniomba.

Nunua sumaku ndogo. Ni kitu cha bei ndogo, na kinafichua zaidi ya lenzi za ghali. Robert Hadfield aligundua mwaka 1882 kwamba chuma kikitiwa manganizi nyingi, kama asilimia 12, kinakuwa kigumu sana, na tena hakivutwi na sumaku. Chuma hicho ndicho kilichotumika kwenye kofia za Waingereza za mtindo wa Brodie, baada ya zile za mwanzo kabisa za 1915 zilizokuwa za chuma laini, na kwenye M1 ya Wamarekani. Ganda la M1 ya vita likinasa sumaku kwa nguvu, rudisha pochi mfukoni. Baada ya vita Ubelgiji, Austria na Ujerumani Magharibi walitumia kofia za umbo hilo hilo, na nyingi hupakwa upya zikaitwa za 1944. Ila usiijaribu sumaku kwa Mjerumani ukadhani umemkamata: chuma chake kinavutwa, na ndivyo inavyotakiwa. Adrian ya Wafaransa ya mwaka 1915 nayo ni chuma laini na inavutwa.

M1 ina kalenda yake, nayo ni nzuri kwa sababu wauzaji wengi hawaijui. Ilikubaliwa rasmi mwaka 1941. Imezungukwa na utepe wa chuma ukingoni, na utepe huo una mshono mmoja. Mwanzoni mshono ulikuwa mbele; ukahamishiwa nyuma mwishoni mwa 1944. Vitanzi vya kufungia mkanda wa kidevuni vilikuwa vimechomelewa visigeuke, hadi 1943 vilipoanza kutengenezwa vinavyochezacheza, kwa kuwa vile vya kwanza vilikuwa vikikatika. Mtu akikuletea M1 ya mshono wa nyuma na hadithi ya kutua ufukweni Normandy tarehe 6 Juni 1944, unaona mwenyewe: ni tatizo lile lile la ngao yako ya rangi tatu. Ndani mbele kuna namba iliyogongwa, ya kundi la chuma. Kampuni ya McCord ya Detroit ndiyo iliyotengeneza nyingi zaidi. Ya Schlueter, ya St. Louis, iliongeza herufi S. Namba iliyogongwa kiwandani imelala chini ya rangi na kingo zake ni laini. Iliyochongwa jana ina kingo kali na chuma kinang'aa ndani yake. Kofia za wanaparashuti ndizo zinazoghushiwa zaidi kwa upande wa Marekani. Kwa M2, yenye vitanzi vya umbo la D, kagua pale vitanzi vilipochomelewa: uchomeleaji mpya huunguza rangi hata upande wa ndani, na aliyeghushi hulazimika kupaka upya kuficha.

Kumbuka pia kwamba M1 ina ganda na kofia ya pili nyepesi ndani yake, na hizo mbili hazikutoka kiwanda kimoja. Firestone, Westinghouse na wengine walitengeneza za ndani. Kwa hiyo chapa kutofautiana hapa si dosari. Askari walizibadilishana, na ghala likazichanganya tena.

Waingereza wametusaidia: kofia ya Mk II, iliyoanza 1938, hugongwa ndani ya ukingo herufi za kiwanda, na mara nyingi mwaka. Ukiona BMB ni Briggs Motor Bodies. Mtego wao ni kofia za raia. Kuna ile ya Zuckerman, yenye utosi mrefu na matundu madogo kuzunguka ukingo, iliyogawiwa walinzi wa kiraia wakati wa mashambulizi ya anga. Si ya askari hata muuzaji akiapa. Ni kitu cha historia vilevile, na mimi ninayo, lakini ijulikane kwa jina lake.

Za Adrian nitazipita upesi. M15 ni vipande kadhaa vilivyounganishwa, upanga wa juu, yaani kishungi kama cha jogoo, na kingo vikiwa mbalimbali na ganda. M26 ina ganda na ukingo wa kipande kimoja. Beji ya mbele hushikwa kwa miguu miwili inayopita kwenye nyufa na kupindwa ndani, hivyo kuibadilisha ni kazi ya dakika moja. Beji adimu juu ya kofia ya kawaida, uliza kwanza miguu imepindwa mara ngapi.

Kuna vipimo ambavyo watu huviabudu nami navipa nafasi ndogo. Mwanga wa urujuanimno ni mmojawapo. Uzi na vitambaa vya baada ya vita mara nyingi hung'aa chini yake kwa sababu ya kemikali za kuongeza weupe, na mkanda wa kidevuni unaowaka samawati una maswali ya kujibu. Lakini mkanda wa zamani uliofuliwa kwa sabuni ya kisasa nao utawaka. Usiowaka kabisa si lazima uwe wa zamani pia. Uzi mpya usio na kemikali hizo upo. Kuhusu harufu: ngozi iliyopakwa chai, kahawa au kiwi ili izeeke ina harufu yake, na madoa yake yametapakaa kote sawasawa. Jasho la kweli hutia weusi zaidi pale paji la uso linapokaa. Kutu nayo, ile ya kweli ni ya kahawia iliyokolea na imeshika; ya asidi ni ya rangi ya chungwa na hukuachia unga vidoleni.

Majina na matundu ya risasi sitayasemea sana. Jina la askari lililoandikwa ndani halina thamani mpaka lipatane na kumbukumbu nyingine nje ya kofia, na tundu la risasi laweza kupigwa Jumamosi yoyote.

Ukiipata kofia, usiisugue. Usitumie pamba ya chuma, usiipake mafuta ngozi iliyokauka bila kushauriwa, na usijaribu kuifufua rangi. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo vumbi lake usilivute na mikono uoshe. Na ukitaka kuipeleka au kuiagiza nje, soma sheria kwanza: Ujerumani, kwa mfano, huzuia kuonyesha hadharani alama za utawala wa Nazi isipokuwa kwa sababu kama elimu na utafiti, na tai wa stika yako ameshika moja ya alama hizo.

Turudi kwa muuzaji wako. Usimwite mwongo, inawezekana naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia, au babu alikuwapo Normandy kweli na kofia ikaingia nyumbani kwa mlango mwingine. Mwambie utailipia kama ganda la M42 lililopakwa upya, lenye bitana isiyo yake, na stika uzihesabu sifuri. Akikubali, umepata ganda zuri la kujifunzia. Akikasirika, mwache aende nayo.

Na kabla hujatoa hela, nipigie picha tatu kwenye kivuli cha mchana, bila flashi: ribiti ya nyuma kwa nje na kwa ndani, ET64 pamoja na namba nyingine yoyote iliyogongwa nyuma ndani ya ukingo, na rangi iliyo chini ya kidole kimoja cha ngozi. Nikiona kijivu pale, ndiyo rangi ya kiwanda iliyolala chini ya kijani. Nikiona kijani mpaka ndani, nitakuonyesha ile yangu ya radi mbili uzilinganishe.